Kuku wa Baba Mkwe

Natalia akila, maziwa yanashuka. Maziwa yakishuka, Teresia ananyonya na kulala. Teresia akilala, mama yake anaimba. Mambo yenyewe yalikuwa hayo tu, wala hayakuhitaji ubao na chaki, na Natalia alikuwa amemweleza Mwalimu Cornel yote kule Mikumi, kabla dereva hajapiga hendeli lori la kambi ya barabara.

"Utakula, Mama Teresia," Mwalimu alimjibu, kofia yake ya jua kaibana kifuani. "Anselmi, Mkaguru mwenzangu, ameshapelekewa habari. Tunafika kwake kambi ya mkonge jua likiwa bado juu, tunakula, tunanawa vumbi, tunaingia ukumbini Kilosa kama watu waliotoka kwao. Sasa panda, lori halina subira."

"Lori lina subira kuliko mtoto huyu," alisema Natalia, akapanda.

Kwaya yao ilikuwa ya watu wa kambi: waume waliovunja mawe na kushindilia kokoto kwenye barabara ya Iringa, na wake zao waliowafuata kutoka Songea wakakuta nyumba walizoahidiwa ni mahema. Karibu wote walikuwa Wangoni. Mwalimu Cornel ndiye aliyekuwa Mkaguru, mtu wa Mamboya, aliyesomeshwa na wamisheni tangu utotoni mpaka mwendo wake ukawa wa foleni hata akitembea peke yake. Alikuwa mtu mwema. Mchana aliwafundisha watoto wa kambi chini ya turubai, jioni akawafundisha wazazi wao kuimba, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Kasoro yake ilikuwa moja: aliamini kwamba wimbo hauna heshima mpaka uwe wa Kiingereza. Alikuwa amewakaririsha nyimbo mbili za lugha hiyo. Hakuna hata mmoja katika kwaya aliyejua zinasema nini, na waliziimba vizuri sana.

Natalia alizichoka. "Siwezi kumwimbia mtu neno nisilolijua," alisema siku moja. "Huenda namtukana na yeye ananipigia makofi."

Akatunga wa kwake. Aliutunga kwa Kiswahili, kwa sababu watu aliotaka wausikie walitoka makabila zaidi ya aliyoweza kuyataja, na lugha nyingine ya kuwafikia wote kwa pamoja hakuwa nayo wala hakuitaka. Teresia alizaliwa hapo hapo kambini, wakati wa masika, waume wote wakiwa wamekwama ng'ambo ya mto na kazi yao. Tembo waliingia katikati ya mahema. Wanawake wa kambi walilizunguka hema la Natalia wakapiga madebe na sufuria mpaka kukapambazuka, na wengine ndani wakamshika mikono. Alikuwepo Mvidunda, alikuwepo Mpogoro, walikuwepo wapita njia waliokuwa wamelala kambini wakingoja gari. Kulipokucha wapita njia wale walipanda gari lao wakaenda. Natalia hakuwahi kuwaona tena, na baadhi yao hakujua hata majina. Asante yake ilibaki imemkaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Ndiyo aliyoitia katika wimbo:

*Asante uliyepiga debe, mkono ukachubuka,*
*Asante uliyenishika, jina lako sikulishika.*
*Barabara hii inapita, na magari yanapita,*
*Popote ulipofika, sikia, ninakuita.*

Mwalimu Cornel aliusikiliza wote, akakohoa.

"Ni wimbo," alikiri. "Lakini ni wa nyumbani, Mama Teresia. Ukumbi wa Welfea wa Kilosa si nyumbani. Zinakuja kwaya za misheni, za reli, za mashamba yote ya mkonge. Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu wa boma, amewekewa kiti."

"Bwana Shauri hakuzaliwa na mama?"

Mwalimu alikohoa tena. Mwisho wakapatana. Wimbo ungeimbwa Kilosa mara moja. Watu wakiupokea, unabaki kuwa wimbo wa kwaya, na Natalia anaruhusiwa kutunga na mwingine. Wakipiga miayo, wanarudi kwenye nyimbo za Mwalimu na mabishano yanakwisha.

Ndiyo maana chakula cha jioni kilikuwa jambo kubwa kuliko chakula. Natalia ndiye aliyeanzisha beti zote, wenzake wakipokea. Teresia akiamka na njaa katikati ya ukumbi, kiongozi hana budi kutoka nje na titi, na wimbo unakufa mdomoni mwa watu wasiojua ubeti wa pili.

Njia ya Mikumi hadi Kilosa, kupitia kijiji cha Ulaya, si ndefu kwa ndege. Kwa lori siku ile ilikuwa ndefu. Pale kivukoni Miyombo magurudumu yalizama mchangani, wanaume wakashuka wakasukuma, wanawake wakashuka wakakata matawi ya kutandika, na Mwalimu Cornel akavua viatu vyake, akavifunga kamba akavining'iniza shingoni, akasukuma na wenzake. Waliponasuka jua lilikuwa limeanza kuegemea milima. Teresia alikuwa amenyonya kila kilichokuwepo na sasa alimtazama mama yake kama mtu anayedai chenji.

"Vumilia, mwanangu," Natalia alimnong'oneza. "Kwa Anselmi kuna ugali unakungoja. Mimi nitaula kwa niaba yako."

Walifika kambi ya mkonge, karibu kabisa na mji, wakati ambao Mwalimu alikuwa amepanga wawe wameshanawa. Harufu ya mabaki ya mkonge kutoka korona, mtambo wa kusaga majani yake, ilikuwa imetanda kote, kali na chachu. Nyumba zilikuwa katika mistari, zote sawa, mlango sawa, kiua sawa, mafiga sawa. Mama Hildegarda, shangazi yake Natalia na sauti nene kuliko zote za wanawake, ndiye aliyeijua nyumba ya Anselmi. Aliwatembeza mpaka mlangoni.

Mlango ulikuwa na komeo na vumbi juu ya komeo.

"Hodi!" Mama Hildegarda alipiga. "Hodi kwa Anselmi!"

"Anselmi kahamishwa!" sauti ya mwanamke ilijibu kutoka mstari wa nyuma, bila mwenyewe kuonekana. "Kapelekwa shamba la upande wa Kimamba, yeye na mkewe na kuku wao. Wiki nzima sasa!"

Mwalimu Cornel alitazama jua, halafu akalitazama lori kule barabarani, halafu akavaa viatu vyake taratibu.

"Tutaimba kwanza," alisema. "Mikumi ndiyo kwaya ya kwanza kuitwa. Mwinshehe, msimamizi wa ukumbi, ni mtu wa neno moja: kwaya ikiitwa isipokuwepo, inafutwa. Tukimaliza kuimba tutatafuta chakula mjini."

"Na huyu?" Natalia alimwonyesha mtoto, ambaye alikuwa ameanza kukunja uso.

"Mama Hildegarda atamshika."

"Mama Hildegarda ana maziwa?"

"Niliyakausha kabla wewe Mwalimu hujajua kusoma," alisema Mama Hildegarda.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka, ukasukuma kando harufu ya mkonge na kuleta nyingine. Wote waliisikia kwa pamoja, maana wote waligeuza shingo upande mmoja. Kwenye kiua cha nyumba ya jirani, kando ya mafiga, chungu kilikuwa kimeepuliwa na kufunikwa, na pembeni yake sufuria kubwa la wali lilikuwa limepaliwa makaa juu ya kifuniko. Kuku. Kuku wa kienyeji aliyekaangwa vitunguu halafu akatiwa mchuzi. Mwanamke mrefu alitoka ndani na ndoo, akaifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya kisimani bila kuwaona. Alipofika mwisho wa mstari alimwita mwenzake aliyekuwa anatwanga.

"Kamwene!"

"Kamwene!" mwenzake alijibu.

Natalia alimtazama Mama Hildegarda. Mama Hildegarda alimtazama Natalia.

"Mhehe," alisema Natalia.

"Au Mbena," alisema Mama Hildegarda. "Nao husalimiana hivyo."

"Mbena naye ni mtani."

"Ni kweli. Basi hatuwezi kukosea."

"Mama Teresia," alisema Mwalimu Cornel, aliyekuwa ameanza kuelewa na asipende alichoelewa. "Hapana."

Natalia alikuwa ameshavuka ua. Kila Mngoni analijua jambo hili, na kila Mhehe analijua: babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaachiana utani. Mtani akikukuta unakula, anakula. Akiipenda kanga yako, anaivaa. Ukifiwa, anakuja msibani kukucheka mpaka unasahau kulia. Nawe zamu yako ipo. Masharti yake ni kwamba aliyefanyiwa asinune, na anayefanya asifanye kwa siri. Kwa hiyo Natalia hakunyata. Alisimama katikati ya kiua, akafunua chungu, akapaza ile sauti ambayo ingetakiwa kuujaza ukumbi wa Welfea.

"Wenye nyumba! Wangoni wamepita hapa! Wamekuta Mhehe kapika kuku, wakashangaa, maana walidhani ni mbwa, kitoweo chake cha siku zote! Wameona wamsaidie kumla kabla hajajifunza tabia mbaya!"

Wanaume wa kwaya walicheka mpaka wakashika magoti, halafu wakakaa chini kuzunguka sufuria kabla kicheko hakijaisha. Mwalimu Cornel alibaki amesimama.

"Mimi nina watani wangu," alisema. "Nawajua kwa majina na kwa ukoo. Huyu humjui. Umesikia salamu tu! Hapa si kijijini, Mama Teresia, hapa kuna askari, kuna mahakama. Mtu akienda kushtaki kwamba kwaya ya Mikumi imemwibia chakula, mtamwambia hakimu nini?"

"Tutamwambia kilikuwa kitamu. Njoo, Mwalimu, paja hili ni lako."

Hakuja. Lakini Mama Hildegarda alimpelekea tonge la wali pale aliposimama, akamwambia afumbe macho ale kama dawa, naye akala, kwa kuwa alikuwa amesukuma lori.

Natalia alikula kama mtu anayetia mafuta kwenye taa. Wali ulikuwa wa mchele wa Tindiga, punje moja moja, na mchuzi ulikuwa umepikwa na mtu asiye na haraka. Ilimpasa ale upesi, na kila tonge lilimwambia asile upesi. Aliyempikia hakumjua. Hakumwona hata uso, mgongo tu na ndoo. Alipomweka Teresia kwenye titi na kusikia maziwa yakishuka, macho yake yalilowa, akajifanya ni moshi.

Walipomaliza alisafisha chungu, akakiinamisha kichwa chini juu ya mafiga, ili mwenyewe akirudi asiseme ni paka. Walikuwa wanatoka ndipo ile sauti ya mstari wa nyuma iliposikika tena, na safari hii mwenyewe alitokeza kichwa, mama wa Kimakua mwenye kitambaa chekundu.

"Nyie! Mmekula kwa Magreti? Mungu wangu! Hicho ni chakula cha baba mkwe wake! Mzee katoka Iringa leo, mumewe kampeleka kuona korona, wanarudi sasa hivi kula! Na huyo Magreti hachezi na mtu, tangu nimjue sijamwona akicheka!"

Mwalimu Cornel alifumba macho, na safari hii haikuwa kwa ajili ya dawa.

"Twendeni," alisema Natalia.

Njiani hadi ukumbini alijihoji mwenyewe. Baba mkwe! Mtu anaweza kumnyang'anya mtani chakula chake, hilo halina shaka. Lakini mwanamke aliyempikia baba mkwe kwa mara ya kwanza katika nyumba yake ya ugenini, kuku wake, wali wake, sifa yake yote iko ndani ya chungu kile. Je, angeuona utani, au angeona chungu kitupu na uso wa mzee? Hata hivyo Teresia alikuwa amelala mgongoni mwa Mama Hildegarda, mdomo wazi, amelewa maziwa. Kila hatua aliyokwenda usingizini mtoto yule, alikuwa anakwenda kwa nguvu ya mwanamke asiyejulikana.

Ukumbi wa Welfea ulikuwa umefurika. Karabai zilivuma darini na wadudu walizizunguka. Mbele kabisa kiti cha Bwana Shauri, chenye mto, kilikuwa kitupu, na kilibaki kitupu. Mwinshehe, msimamizi, mzee wa Kisagara mwenye kanzu, koti jeusi na sauti ya mtu aliyezoea kuuza ng'ombe mnadani, aliwapokea mlangoni.

"Mikumi! Nilikuwa nafungua kinywa kuwafuta. Pandeni, pandeni. Mbona mnanukia kuku?"

Mwalimu Cornel alikohoa.

Walipanda jukwaani wakapanga mistari yao. Natalia alisimama mbele, na alipoinua macho alimwona. Mwanamke mrefu alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, kanga ileile. Nyuma yake alikuja mwanamume mwenye makovu ya mkonge mikononi, bila shaka mumewe, na nyuma ya mumewe mzee mwembamba mwenye blanketi begani na fimbo. Mwanamke hakuketi. Alipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka mbele.

"Bwana msimamizi," alisema. "Nina mashtaka juu ya hawa."

Mwinshehe alitazama jukwaani, akatazama chini.

"Mashtaka gani, mama?"

"Makubwa. Lakini waache waimbe kwanza. Chakula changu kiko matumboni mwao, nataka nisikie kama kimefanya kazi."

Watu walicheka kidogo, kwa wasiwasi, wasijue kama wanaruhusiwa. Mwanamke mwenyewe hakucheka. Natalia alimchunguza usoni akakuta ukuta. Nyuma yake Mwalimu Cornel alinong'ona, "Bwana wangu na Mungu wangu," halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuwatupa watu wake, akatoa sauti ya kuanzia.

Natalia aliimba.

Alikuwa amepanga kuimba akitazama taa, ili asiogope watu. Aliimba akimtazama Magreti. Hakuwa na mahali pengine pa kutazama. Wimbo alioutunga kwa ajili ya wanawake waliotawanyika na magari, ambao nyuso zao zilikuwa zimeanza kumfutika, safari hii ulikuwa na uso wa kuuendea. *Asante uliyenishika, jina lako sikulishika.* Pumzi ilimtosha. Ilimtosha na kubaki. Mama Hildegarda alipokea kwa sauti ile nene, mtoto mgongoni hakushtuka, wanaume wakaingia chini kama ngoma, na kwenye ubeti wa pili wanawake wa mashambani, waliozalia katika kambi zisizo za mama zao, walianza kupokea wenyewe bila kufundishwa. Mwisho ukumbi mzima ulikuwa unaita wimbo ule, na kila mtu, ilionekana, alikuwa na mtu wake wa kumwita.

Makofi yalipopungua Mwinshehe alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Mikumi," alisema, "mkutano ujao wa Kilosa hauanzi bila wimbo huu. Nimesema mimi." Natalia alimsikia Mwalimu Cornel akivuta pumzi ndefu. "Isipokuwa," Mwinshehe aliendelea, na sauti ikashuka, "kuna mashtaka. Ukumbi huu sitaki uitwe ukumbi wa wezi. Sema, mama."

Mwanamke aligeuka, akawakabili watu wote.

"Mimi ni Magreti. Mume wangu ni yule pale, anakata mkonge. Nimekaa kambi hii tangu mwanangu hajaota meno, na sasa anachunga mbuzi. Nawaambieni, jirani zangu ni watu wema mno! Nyuma yangu Mmakua, kulia Mrundi, mbele yangu Mmakonde. Asubuhi, hujambo mama. Jioni, hujambo mama. Nikikosa chumvi, wananipa. Nikiwapa moto, wanasema asante mama. Miaka yote hiyo, watu wa Kilosa, hakuna hata mmoja aliyewahi kunitukana!"

Sauti yake ilitikisika kidogo pale, na Natalia peke yake, aliyekuwa karibu, ndiye aliyesikia ilivyotikisika.

"Leo baba mkwe wangu kaja kutoka Iringa. Nimemchinjia kuku niliyemlea kwa mkono huu. Nakwenda kisimani mara moja. Narudi, chungu kiko kichwa chini! Jirani yangu analia, ananiambia, Magreti, Wangoni wa kwaya ya Mikumi wamepita, wamekula, wamesimama kiuani kwako wakapiga kelele kambi nzima ikasikia, wamesema unapika mbwa!"

Ukumbi ulilipuka. Kila pembe palikuwa na Mngoni au Mhehe, na kila mmoja alikuwa na la kusema.

"Baba mkwe wangu," Magreti alipaza sauti kuwashinda, "huyu hapa, mkwe wa watu, kala nini? Semeni, baba, kwa kinywa chenu. Mmekula nini?"

Mzee aliinuka taratibu kwa fimbo yake. Jina lake lilikuwa Lazaro, na hakuwa na haraka.

"Mlenda," alisema.

"Mlenda!" Magreti alirudia. "Sasa namtaka huyo mwenye sauti, huyo aliyeimba, aniombe radhi hapa mbele ya watu wote. Aniombe radhi, kama yeye ni mtu wa kuniomba radhi."

Kicheko kilikatika. Mwinshehe alimgeukia Natalia akangoja. Mwalimu Cornel alisogea karibu, akamwekea mkono begani, na sauti yake haikuwa na amri ndani yake, ilikuwa ya kuomba.

"Neno moja, Mama Teresia. Wimbo umepita. Umepita, nimekiri, nilikosea. Usiuache ufe kwa ajili ya kuku. Sema samahani, twende nyumbani na wimbo wako."

Neno lenyewe lilikuwa dogo na lilikuwa tayari mdomoni. Natalia alimtazama mwanamke mbele yake. Akaona mkono uliokuwa umelishika pindo la kanga, ukilifinya na kuliachia, ukilifinya na kuliachia, kama mkono wa mtu anayengoja jibu la posa. Akamwona mzee Lazaro nyuma, midomo kaibana, blanketi likitikisika mabegani bila baridi. Samahani ni ya mgeni aliyekukanyaga njiani. Magreti alikuwa na samahani nyingi kambini, na asante nyingi, na hujambo mama asubuhi na jioni, na alikuwa amekufa nazo njaa ya utani.

Natalia alishuka jukwaani. Alimpita Magreti, akaenda kwanza kwa mzee, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

Akasimama, akarudi mpaka uso kwa uso na mwanamke aliyemlisha, mikono kiunoni, akaiachia ile sauti yake yote.

"Mhehe wewe, sikiliza vizuri, nisirudie. Kuku wako alikuwa na chumvi kidogo, wali ulishika ukoko, na maji ya kunawa hukutuwekea. Siombi radhi!"